Gari la Marehemu Baba Limepona, Mama Hataki Kulipanda

Shangazi mpendwa,

Naomba unijibu kabla ya Jumamosi ijayo, maana akili yangu imegota na kila ninayemuuliza nyumbani ananiongezea mzigo badala ya kunitua. Mimi ni mtoto wa mwisho wa fundi redio, marehemu sasa, ambaye alituachia nyumba, kabati limejaa vipuri vya redio, na gari moja la bluu lililonizidi umri, na Shangazi usinicheke, gari hilo tulilipenda kama mtu wa familia, tukaliita Mjomba, kwa sababu kila asubuhi lilikohoa sana kabla ya kukubali kwenda popote.

Baba hakumwamini fundi yeyote wa magari. Alisema umeme ni umeme, uwe wa redio au wa gari, kwa hiyo kila kilichoharibika chini ya dashibodi alikitengeneza mwenyewe, amelala chali sakafuni mwa gari, miguu imetokeza mlangoni, mama kamshikia tochi, nasi watoto tunasikia sauti yake kutoka huko chini, "Mama watoto, mulika waya, usimulike jicho langu jamani!" na mama anamjibu kwamba jicho na waya vyote viko mahali pamoja, afanye haraka. Alitumia waya wa redio, mwembamba, mwekundu mtupu, ule wa taa mwekundu, wa waipa mwekundu, wa redio mwekundu, mpaka humo chini pakawa kama kiota cha ndege. Ukikanyaga breki waipa inajirusha mara moja na kutulia, ukiwasha taa redio inanyamaza, na sisi tulikua tukidhani magari yote ya dunia yako hivyo.

Sasa nikuambie habari ya honi. Ile ya kwenye usukani ilikufa nikiwa bado sijaanza shule. Baba akachukua kitufe cha kengele ya mlango, kile cheupe cha duara wanachobonyeza wageni, akavuta waya kutoka mbele kwenye honi, akaupitisha chini ya dashibodi, na waya ukamwishia mkononi kabla haujafika upande wake wa dereva. Ulitosha kufika upande wa mama tu. Basi akakifunga kitufe hapohapo, juu ya magoti ya mama, akasema kesho atanunua waya mwingine akihamishe. Kesho hiyo haikufika mpaka tunamzika.

Kwa hiyo miaka yote hiyo baba alikuwa anaendesha na mama ndiye anayepiga honi. Mbuzi akikatisha barabara, baba anasema, "Mama watoto!" na mama ameshabonyeza. Akimwona rafiki yake nje ya duka, "Msalimie yule," na mama anabonyeza mara mbili fupi, maana salamu ilikuwa mara mbili fupi, na onyo moja ndefu. Waligombana humo ndani mpaka tunaziba midomo kwa kicheko. "Umechelewa kupiga!" "Na wewe ulikuwa unakimbilia wapi?" Siku moja walitoka nyumbani wamenuniana, mama akakunja mikono, akatazama dirishani, akagoma kabisa kubonyeza, na baba akapita sokoni kichwa kiko nje, anapiga kelele, "Jamani pisheni! Pisheni, mama watoto amekasirika!" Watu walipisha, tena wakawa wanampa mama pole kupitia dirisha la pili, naye mwisho akashindwa kujizuia, akacheka, akabonyeza. Nikikumbuka siku ile hata sasa natabasamu peke yangu.

Baba alifariki mwaka juzi. Mama alijifungia ndani kwa muda mrefu, kisha taratibu akakubali niwe nampeleka Jumapili kwa mama mkubwa, dada yake, na hiyo ndiyo ilikuwa furaha yake ya wiki. Ndipo siku moja tuko njiani nikasikia harufu ya plastiki inayoungua, mguu wangu wa kushoto unapata joto, moshi unatoka chini ya dashibodi, nikasimama kando na kuchomoa betri. Mama alikaa palepale akasema, "Baba yako angepuliza tu tukaendelea." Mimi sikupuliza, Shangazi. Nililipeleka gari kwa fundi umeme wa magari, akaingiza kichwa chini, akatoka na kuniita nikaone mwenyewe. Fyuzi zilikuwa zimezungushiwa ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara ili zisikatike, na nyaya zimeyeyuka zikashikana. Akaniambia, "Bwana, mmekuwa mkikalia moto." Nikamwambia atoe kila kitu aweke kipya.

Alifanya kazi nzuri sana. Kila waya una rangi yake, fyuzi ziko kwenye kiboksi chenye kifuniko, breki ni breki na waipa ni waipa, na honi mpya ikarudi kwenye usukani inapostahili. Vya zamani vyote alinirudishia kwenye mfuko. Nililiosha gari mpaka likang'aa, Jumapili nikaliegesha mlangoni, mama akatoka na gauni lake la kutokea, akaketi, akafunga mlango, akapeleka mkono chini ya dashibodi, akapapasa huku, akapapasa kule, nikadhani amedondosha leso. Mimi kwa furaha nikabonyeza honi kwenye usukani, paa! Mama akashtuka. Kisha akasema, "Nimeacha jiko linawaka," akashuka. Nikamfuata jikoni baadaye. Jiko lilikuwa limezimwa tangu asubuhi.

Tangu siku ile hapandi. Jumapili hii ni goti, ile ni mvua, nyingine atakuja mgeni ambaye hatumwoni. Mama mkubwa anapiga simu anauliza kama wamekosana. Juzi nilipombembeleza akanijibu bila hasira, "Liuzeni tu hilo gari, mwanangu. Mimi nitafuata nini humo?" Nikaumia, lakini kauli ya mama ni kauli, nikamwambia mwalimu mmoja anayependa magari ya zamani, naye anakuja Jumamosi kulichukua.

Dada yangu kusikia hivyo amepiga simu analia, anasema nimemzika baba mara ya pili, nirudishe nyaya zake zote kama alivyoziacha na mama atapanda. Fundi naye anasema nikirudisha uchafu ule nisimtafute tena. Nirudishe nyaya za baba ili mama afurahi, au niache gari liende? Nilifanya kwa mapenzi matupu na sasa kila mtu amenuna.

Ni mimi,
Mtoto wa Fundi Redio

*

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka peke yangu ofisini kwa ajili ya baba yako na kichwa chake nje ya dirisha, Mungu amrehemu. Ya pili nilitamani uwe karibu nikufinye sikio.

Tuanze na jambo jepesi. Nyaya za baba yako hazirudi, na dada yako akilia tena mwambie Shangazi amesema aje akae yeye humo moshi ukitoka. Fyuzi imewekwa ikatike ili waya usiungue. Baba yako alipoizungushia karatasi ya sigara aliifunga mdomo, na mkapona kwa bahati tu. Alikuwa fundi hodari wa redio, lakini redio ikiungua unaitupa nje, na gari likiungua lina mama yako ndani. Hapo ulifanya vizuri, wala usimwombe mtu msamaha.

Sasa njoo hapa tuzungumze. Umeniandikia kwa mkono wako mwenyewe kwamba mama ndiye aliyekuwa anapiga honi tangu wewe hujaanza shule. Ukaniandikia kwamba aliketi, akapeleka mkono chini ya dashibodi, akapapasa. Halafu unaniambia leso! Leso gani, wewe? Alikuwa anatafuta kitufe chake! Mtu anasimulia jambo lote kinagaubaga, kisha anauliza jibu liko wapi. Jamani, watoto wa kiume mtatuua.

Mama yako hakuwahi kuwa abiria katika gari lile. Waliliendesha wawili, mmoja usukani na mwingine honi, na ndiyo maana baba yako hakununua ule waya. Unadhani fundi redio anakosa kipande cha waya? Ana kabati zima! Hakutaka tu. Wewe umekuja na mapenzi yako, umemwondoa mama kwenye nafasi yake bila hata kumwambia, na kama haitoshi ukampigia honi masikioni kumwonyesha kwamba sasa hahitaji kusumbuka. Mimi ningeshuka pia, na nisingetafuta kisingizio cha jiko.

Nakuelewa hukujua. Mambo haya hayaonekani kwa macho. Marehemu mume wangu hakuwahi kujifunga tai mwenyewe tangu tuoane, alikuwa anasimama mbele yangu ameinua kidevu nami namfunga, huku namwambia hana akili, mtu mzima hajui kufunga tai. Siku moja mwanangu akamletea zawadi ya tai ya kubana, ile iliyokwisha kufungwa. Wote wakashangilia. Mimi nilinuna wiki nzima, na ukiniuliza wakati ule ningekuambia ni kichwa kinaniuma. Mama yako naye hakudanganyi anaposema goti. Linauma kweli, ila si hilo linalomfanya asipande.

Kwa kuwa mimi katika magari najua kufungua mlango na kufunga tu, barua yako nilimpelekea fundi umeme aliye nyuma ya ofisi yetu, nikamuuliza kama honi moja inaweza kuwa na vitufe viwili. Alinitazama kama nimemuuliza kama nyumba inaweza kuwa na milango miwili. Anasema fundi wako avute waya mnene unaostahili, aupe fyuzi yake halisi, na aweke relei, kidude kidogo kinachobeba umeme mkubwa wa honi ili kitufe cha kengele kibebe umeme mdogo tu kisiungue. Honi ya usukani ibaki, kwa ajili ya usalama na kwa ajili ya siku unapokuwa peke yako. Kazi yote haimalizi asubuhi moja.

Kwa hiyo leo hii, kabla hujala, mpigie yule mwalimu umwambie asije Jumamosi. Usimwambie labda, mwambie asije. Akilalamika mpe namba yangu.

Kisha fungua ule mfuko ukitoe kitufe, kile kilekile cheupe, usininunulie kipya chenye taa. Kikiwa na kutu ndani fundi akisugue. Na usimwache fundi akifunge anapoona panapendeza. Mama akae kwenye kiti, afumbe macho, apeleke mkono mwenyewe, na pale mkono utakapofika ndipo fundi atoboe. Sentimita moja pembeni na umeharibu kazi.

Najua utauliza, nitampataje mama mpaka kwenye kiti wakati hataki kulisogelea gari? Kwanza acha kumbembeleza kwa habari ya mama mkubwa na Jumapili na hewa nzuri. Yeye si mtoto. Pili, usimfanyie tena mambo ya kushtukiza, umeshaona yalipokufikisha. Mweleze kila kitu kabla fundi hajagusa chochote, na ukimaliza mwache aamue. Akishapata kitufe chake chini ya kidole na bado akasema gari liuzwe, liuze kwa moyo mweupe, maana itakuwa ni uamuzi wake na si huzuni yake. Inawezekana akalia, na wewe ukalia. Lieni, hakuna aliyekufa kwa hilo. Ila usimuulize kama gari liuzwe wakati mkono wake bado mtupu.

Nenda kwake jioni hii akiwa ametulia, kaa chini, simu uiweke mbali, umwambie hivi: "Mama, nisamehe. Nilidhani gari lile lilikuwa la baba."

Kisha nyamaza, umwachie yeye azungumze.

Shangazi