Matete, Mtaro na Bosi Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Bosi kasimama! Kashika ndoo, kakaza magoti, kisha pu! chini. Akacheka mwenyewe. Nimembusu mwanangu mpaka akanichoka.

Shida ni mtaro tu. Uko wazi, hapo hapo mlangoni, na majitaka ya nyumba za juu yanapita humo. Ndiyo maana Bosi anaishi mgongoni kwangu. Akianza kutembea nitamfunga kamba?

Fundi wetu wa mabomba, tunamwita Koki, anasema Ijumaa mtaalamu wa maji anakuja kupima maji yanayotoka kwenye bwawa la matete, lile linalosafisha majitaka ya nyumba chache za juu kwa majaribio. Yakiwa safi, nyumba zote zinaunganishwa na bwawa, mtaro unafukiwa. Yakiwa machafu, tusubiri sana.

Yatakuwa safi!

Jumatano, 5 Machi

Nimepalilia bwawa, Bosi mgongoni. Asiyejua ataona matete tu. Kumbe chini kuna changarawe, na humo wamo vijidudu wanaokula uchafu. Koki anasema wanashinda wanakula, hawana likizo. Nikamwambia, kama shemeji zangu! Kacheka mpaka spana ikamtumbukia kwenye tangi linalopokea majitaka kabla ya bwawa. Kaivua kwa waya huku analaani ukoo wangu wote.

Halafu, kule maji yanakotokea — chura! Wa kwanza! Koki anasema chura akija, ujue maji yanasafika. Nimeimba njia nzima. Baba Bosi kauliza nimeokota nini. Chura, nikamwambia. Kaniangalia vile.

Alhamisi, 6 Machi

Jamani, mama mkwe!

Kapita zile nyumba za majaribio zote: mgeni anakuja kesho, mnataka atukute tunanuka? Kina mama wakamwaga dawa ya madoa kwenye mabomba, chupa kwa chupa. Nimefika kwenye tangi, harufu kama hospitali. Koki kakimbia kufunga njia ya kwenda bwawani, lakini mengine yalishapita.

“Mama, utawaua wale vijidudu!”

“Wadudu wafe, si ndiyo usafi?”

Nikamweleza. Kasema taratibu: “Mwanangu, mimi nilisafisha kwa ajili ya mjukuu wangu.”

Nani angemkasirikia? Dakika hiyo hiyo kakunja gauni, kabeba ndoo, katuswaga sote kisimani kama sajenti. Tumesuuza matete mpaka jua likazama. Tumelowa chepechepe, tunacheka kama vichaa. Chura simwoni.

Ijumaa, 7 Machi

Naandikia hapa hapa bwawani, juu ya mfuniko wa tangi. Mtaalamu kaja — binti rika langu, gambuti zinampwaya! Mama mkwe kamng'ang'ania mkono: “Nusa, mwanangu. Nusa mwenyewe!”

Bosi nimemshusha, kashika kidole changu cha kushoto. Mwandiko unaruka.

Mtaalamu kainama na chupa yake. Kauliza, kuna mtu kamwaga dawa yoyote? Koki anakagua spana kama hajawahi kuiona.

“Ni mimi,” mama mkwe kasema, kidevu juu. “Na kusuuza nimesuuza mimi.”

Binti kacheka! Kasema tutaona, kachovya chupa. Anaiinua juani. Sote tumenyoosha shingo —

Krooo! Kwenye matete! Yupo! Chura wangu yupo!

Bosi kasikia. Kaachia kidole. Kasimama peke yake, anatazama kule sauti ilikotoka. Sisogei. Simwiti. Mguu wake umeshanyanyuka —