Kibuyu cha Don Ernesto

Olivos, Agosti 1957

Mpendwa kaka Natán,

Hatujambo. Dora amepona kikohozi, na yule kuku wako wa madoa bado ananidonoa. Sasa kaa chini, maana mwenzio nina habari njema.

Jirani yangu Don Ernesto, anayefanana na picha uliyonitumia ya afisa wa Kinazi aliyewaua akina Shangazi Fruma kambini, jana nilimkaribisha yerba, yale majani yetu tunayokunywa kibuyuni kwa mrija. Kila siku anajigamba kazaliwa huku Argentina, mkoani Entre Ríos, kama sisi. Akafyonza mrija mpaka mwisho, akanirudishia kibuyu: "Asante sana, Bi Raquel."

Unakumbuka Mama alivyotufunza: kwenye kibuyu, anayesema asante ameshatosheka. Basi nikaondoa birika. Akabaki analikodolea macho kwa kiu! Mtoto gani wa Entre Ríos hukosea hapo? Nilikimbilia jikoni, nikajiziba mdomo kwa aproni nisicheke.

Lakini binti yangu Dora, asiyejua lolote, akamtania: "Kwani umezaliwa wapi, Don Ernesto? Ukishukuru hupewi tena."

Hakucheka. Alinitazama mimi, si Dora.

Leo asubuhi kaja bila kualikwa. Akanywa vibuyu vitatu bila kusema asante. Cha nne akanirudishia, akasema polepole, "Asante," akaondoka. Uani kwake nimeona masanduku.

Rafiki yangu Berta anakuletea barua hii Montevideo kwa mkono. Rudi naye kwa meli ya leo, kaka, uje umtambue. Mtu anayejifunza haraka hivi, kesho atakuwa mzaliwa wa kwingine.

Dada yako,
Raquel