Ufa wa Nyuzi Thelathini na Sita

Techiman, 4 Machi 1998

Kwa Dada Serwaa,

Habari za huko mjini Wa, na za shule? Huku Mama hajambo, mguu wake umepoa. Mimi ndiye mwenye hasira, hata bakuli la fufu silimalizi.

Mzee Boahen wa kanisani alinipa kazi ya kutandika ua kwa matofali ya saruji. Akataka kila tofali liwe na pande tano zilizo sawa na kona zilizo sawa, kwa heshima ya wazee watano walioanzisha kanisa. Nikatengeneza kalibu, nikafyatua mia nane. Kuyapanga, hayashikani. Yakikutana matatu, unabaki ufa wenye ncha. Jumapili akaniambia mbele ya watu, "Kwabena, hata kuhesabu mpaka tano kumekushinda?" Watu wakacheka.

Nimepima pande zote, ziko sawa. Nimekosea wapi?

Mdogo wako,
Kwabena

Wa, 13 Machi 1998

Kwabena,

Salamu kwako na kwa Mama. Nimefurahi kusikia habari ya mguu, na furaha imeishia hapo. Unafyatuaje mia nane kabla ya kupanga matatu chini ukaangalia? Kwa nini hukuniandikia mapema?

Umepima pande ukasahau pembe. Chora tofali lako. Kutoka kona moja, piga mistari hadi kona mbili zisizopakana nayo. Utapata pembetatu tatu. Kila moja ina nyuzi 180, jumla 540. Gawa kwa kona tano, unapata 108. Matofali matatu yakikutana yanajaza 324, na mzunguko mzima ni 360. Zinapungua 36, ndio huo ufa, na tofali la nne haliingii. Angetaka pande sita, kila kona ingekuwa 120, na matatu yangefunga kabisa.

Mwambie hakuna fundi atakayeweza.

Dada yako,
Serwaa

Techiman, 30 Machi 1998

Dada,

Hatujambo. Barua yako nilimsomea Mzee Boahen baada ya ibada. Akasema hafundishwi na mwanamke aliye mbali. Nikamwekea matofali miguuni, nikamwomba apange mwenyewe. Akapiga magoti na vazi lake jeupe, akazungusha, akageuza. Safari hii hakucheka mtu. Alipoinuka akaniagiza nifyatue ya pande sita, utadhani ni wazo lake.

Nikamwambia, "Sifyatui hata moja mpaka uniombe radhi mbele ya hawa hawa walionicheka."

Kazi amepewa mwingine.

Lakini hasira yangu si ya Mzee Boahen peke yake. Unauliza kwa nini sikukuandikia mapema. Nilipofeli hesabu darasa la sita, wewe ndiye uliyemwambia Baba asipoteze ada, kichwa changu kimejaa mchanga. Nilikuwa nyuma ya mlango. Hizo pembetatu tatu nimezielewa kwa dakika tano, Dada. Mbona hukuwahi kukaa nami dakika tano?

Kwabena

Wa, 7 Juni 1998

Kwabena,

Natumaini mu wazima. Nimeandika barua nne nikazichana, maana kila moja ilikuwa na visingizio. Nilisema maneno yale. Ada ilikuwa ya mtoto mmoja, na niliitaka mimi.

Baba hayupo tena nikamwambie. Mama yupo. Jumamosi nakuja, nitayasema mbele yake, nawe ukiwa umekaa. Ukitaka kunifukuza baada ya hapo, nifukuze.

Dada yako, kama bado waniita hivyo,
Serwaa