Walivyolichunga Tumbo Langu

Jumatatu, 1 Juni 1970

Blauzi mbili tena leo. Moja mwilini, moja kikapuni chini ya madaftari. Kabla ya mapumziko ya saa nne, ile ya kwanza ilikuwa imelowa mgongo mzima. Nimebadilishia stoo ya majembe, mlango nimeuzuia kwa makalio. Nina miaka arobaini na minane na ninajificha kama msichana anayekula mihogo darasani.

Siku zangu sijaziona tangu kabla ya Pasaka. Joto linaanzia kifuani, linapanda shingoni, linafika masikioni. Kisha baridi. Ijumaa nilisahau jina la mtoto niliyemfundisha miaka mitatu.

Na wakati wenyewe mbaya. Sista, mwalimu mkuu wetu, anahamishwa mwezi wa nane. Kiti chake ni changu au cha Bwambale. Bwambale anafundisha hesabu na ana suti. Mimi nina chaki ya miaka ishirini mapafuni. Kamati ya shule itakaa Julai. Nakitaka kiti hicho. Nakitaka sana.

Naandika Kiswahili makusudi. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa reli, ndoa yetu yote tuliishi Nakuru, na lugha hii ndiyo iliyobaki. Mpwa wangu ninayekaa naye hapa Bwera, Uganda, anasoma Kikonzo chetu na Kiingereza tu. Macho yake hupenda vya watu.

Alhamisi, 4 Juni

Bwambale kaisogeza meza yangu karibu na dirisha. Hakuombwa. "Hapa iko upepo, Madamu." Nilimshukuru. Halafu nikafikiri. Mshindani hakupi upepo bure. Anataka wengine waone kwamba nauhitaji.

Nimeirudisha meza mahali pake. Nimelowa hadi saa tisa.

Jumamosi, 6 Juni

Sokoni. Mama Zamu, yule Mwislamu anayeleta vitu kwa lori kutoka Kampala, nilimwomba kitu cha kupoza mwili. Sikueleza zaidi. Alinitazama juu, akanitazama chini, akacheka kidogo. Akanipa vijiti viwili vya udongo uliokandwa na majani ya dawa. Waganda wanaviita emumbwa. Unakwangua kwenye maji, unakunywa.

"Kunywa kila siku, Mwalimu. Mwili itapoa, yote itakuwa salama."

Sikupenda kile kicheko. Nimevinunua hata hivyo.

Jumatano, 10 Juni

Nakwangua udongo wangu kwenye kikombe chumba cha walimu, nakunywa mbele yao. Maji ya kahawia, ladha ya mvua ya kwanza. Siwezi kusema joto limepungua.

Kuna jambo. Watu wamekuwa wema. Mwalimu wa darasa la kwanza amenibebea madaftari. Mpishi wa shule kaniwekea maharage ya juu, yenye mafuta. Jana walimu watatu walisimama kunipa kiti kimoja. Nimefanya nao kazi miaka na hakuna aliyewahi kunipa hata kijiti cha kuchokonolea meno.

Wanataka kuniita mzee. Ndiyo hiyo. Wanamwandalia Bwambale njia.

Jumapili, 14 Juni

Baada ya misa Kavira kanivuta kando ya ukuta wa kanisa. Kavira ni wa Butembo, ng'ambo ya Kongo, anauza vitenge hapa Bwera, na ulimi wake hauna kizuizi cha mpaka.

"Mwalimu, batu banasema uko na mimba. Baba ya mutoto iko wapi?"

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Ile emumbwa ni ya wajawazito. Huko Buganda kila mtoto wa shule anajua. Hapa sokoni pia wanajua, kwa kuwa Mama Zamu huwauzia. Mimi peke yangu sikujua. Na mimi mwenyewe nimeinywa wiki nzima mbele ya walimu wote, nikilamba midomo.

Mjane. Mkatoliki. Mwalimu wa wasichana. Nimetapika nyuma ya kanisa, na hata hilo wameliona.

Jumatatu, 15 Juni

Nimekwenda kwa Mama Zamu kabla ya kengele. Kaapa kwamba hakumwambia mtu. Mume wake tu. Na dereva wa lori. Na wateja waliouliza.

Mchana Sista kaniita. Kanuni naijua: mwalimu asiye na mume akipata mimba anaondoka siku hiyo hiyo. Aliniuliza huku akiangalia sakafu. Nikamwambia ni umri. Hakuelewa. Sista ana miaka thelathini; nani wa kumwambia mambo haya? Amesema ataiachia kamati.

Nani alimfikishia? Bwambale alikuwa anatoka ofisini nilipokuwa naingia. Akaniamkia kwa adabu mno.

Ijumaa, 19 Juni

Kasese, kwa daktari. Vumbi hadi kwenye meno. Daktari ni kijana, lakini aliuliza maswali kama mtu aliyewahi kumsikiliza mama yake. Hakuna mimba. Hedhi inaelekea kukoma. Inaweza kupotea miezi, ikarudi kwa fujo, ikapotea tena. Inaweza kuchukua miaka. Hakuna ugonjwa. Nguo nyepesi, maji mengi, nilale mchana nikiweza. Nilale mchana! Nani atafundisha?

Aliuliza kama nataka cheti cha kuwaonyesha wakubwa wangu. Nimekataa. Bwambale hakuombwa cheti cha suruali yake. Sitaki wazee wapitishiane tumbo langu mkono kwa mkono.

Njiani kurudi nilijuta. Kisha nikaacha kujuta. Kisha nikajuta tena.

Jumamosi, 4 Julai

Kamati. Wanaume saba, Padri, na Sista. Mwenyekiti ni Mzee Thembo, askari wa zamani, bado anazungumza kama yuko kwenye gwaride.

"Mwalimu, sema. Iko mimba, hapana mimba?"

Joto likachagua dakika hiyo hiyo. Jasho likanitiririka hadi kidevuni. Nimewahi kuona wezi sokoni wakitoka jasho namna hiyo. Nikasimama. Nikasema hakuna mimba, damu inakoma, ni umri, kila mwanamke atafika huko. Nilisema damu mbele ya Padri. Wazee wakaangalia kofia zao. Bwambale, aliyekuwa anasubiri nje, bila shaka alisikia.

Uamuzi: tusubiri Desemba. Mwili utasema wenyewe. Kwa sasa Bwambale ashike ofisi.

Kwa hiyo nimewekwa kama chungu jikoni. Wanangoja nichemke.

Jumanne, 8 Septemba

Bwambale ofisini. Anagonga mlango wa darasa langu kabla ya kuingia. Sista hakuwa anagonga. Sijui anatafuta nini.

Wote wanatazama tumbo. Mpishi anatazama. Wazazi wanatazama. Mpwa wangu anahesabu kwa vidole akidhani simwoni. Nimenenepa kidogo, Mungu naye anawasaidia. Nafunga mkanda hadi pumzi inakatika.

Alhamisi, 17 Septemba

Imerudi. Leo, darasa la saba, nikiandika ubaoni. Sikupata hata dalili. Nilisikia wasichana wamenyamaza. Gauni la kijani, nyuma, lote.

Bwambale alikuwa anapita. Aliingia, akavua koti la suti, akanifunika mabegani likafika magotini. Akawaambia wasichana watoke wakapalilie bustani. Hakunitazama usoni.

Nimelia nyumbani. Aibu, kwanza. Halafu nikacheka peke yangu. Mwili umesema! Waliutaka useme, umesema mbele ya wasichana arobaini. Sasa nani atabisha?

Jumamosi, 26 Septemba

Mjinga mimi.

Sasa wanasema nimeitoa. Kavira kaniletea habari, akinong'onezea vitenge vyake badala ya kunitazama. Walisema ninayo, haikuonekana, damu imeonekana, basi nimeitoa. Wengine wanataja mganga wa Maliba, wanajua hata rangi ya mlango wake. Maliba sijafika tangu mazishi ya shangazi.

Padri ameniuliza kama nataka kuungama. Nimemwambia sina dhambi mpya isipokuwa hasira. Amesema nipumzike kwanza kuongoza kwaya.

Mtu mzima aliyeniona siku ile ni mmoja. Koti lake nimelifua, nimelipiga pasi, nimelirudisha. Kalipokea kwa mikono miwili. Alipokutana na mkewe jikoni alisema nini? Sina ushahidi. Nina masikio.

Jumatano, 4 Novemba

Mke wa Mzee Thembo kaja kwangu kwa mlango wa nyuma. Nilijua ametumwa kupeleleza. Nikamkaribisha kwenye kiti kigumu.

Alikaa. Akazungumza mahindi, akazungumza mvua. Kisha akajifuta shingo kwa pembe ya kitenge, mara moja, mara mbili. Uso ukamwiva. Nikauona ule mto wa joto ukimpanda kifuani, shingoni, masikioni. Naijua njia yake.

Ana mwaka sasa. Usiku anatupa blanketi, anatoka nje kusimama penye umande. Mzee amemfuata mara tatu akidhani kuna mwanaume migombani. Safari ya mwisho alibeba panga.

"Hiyo udongo ya Mama Zamu ilikusaidia?" Alikuja kuuliza hilo tu.

Nilimwambia haisaidii kitu. Nikamweleza yote, alivyonieleza daktari: inapotea, inarudi, inakoma, si mimba, si uchawi, si mwanaume. Alinishika mkono akalia. Mimi pia. Kisha nikamwambia aende akamwambie mume wake maneno hayo hayo, kama nilivyomwambia mimi Julai. Akasema hathubutu. Nikamwambia panga linathubutu.

Sijui kama atasema. Simjui vizuri.

Jumamosi, 5 Desemba

Kamati ilikaa bila kuniita. Nilisahihisha mitihani hadi jioni.

Mzee Thembo alikuja mwenyewe darasani. Alisimama wima. Kiti ni changu kuanzia Januari. Hakutoa sababu na hakuomba radhi. Bwambale atakuwa naibu, na Mzee anasema ni huyo huyo Bwambale aliyependekeza jina langu, mara zote mbili, Julai na leo. Nimeliandika hilo. Sijui nilifanye nini.

Nilidhani Mzee ameondoka. Alikuwa bado mlangoni, anaizungusha kofia.

"Mwalimu. Hii joto ya wamama. Inaisha lini?"

Haikuwa sauti ya gwaride. Nimemwambia kila mwanamke na wakati wake. Nimemwambia anunue shuka nyepesi, amwache mkewe alale upande wa dirisha, na usiku akitoka amfuate na kiti, si na panga.

Jumapili, 6 Desemba

Mvua asubuhi. Nimelala hadi saa mbili. Padri kanirudishia kwaya bila maelezo. Sauti za soprano ziko chini, itabidi tuanze upya.

Jioni Bwambale na mkewe wameleta mkungu wa ndizi. Nimewapa chai. Bwambale aliketi, akaniuliza mipango ya Januari, nikamwambia. Walipoondoka niliwasindikiza hadi barabarani. Bado simwelewi mtu yule. Ndizi ni nzuri.