Pumzi ya Sundus

Mkomani, Lamu
10 Juni 2024

Kwa mjukuu wangu Huwaida,

Assalaam alaikum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, ni magoti yangu tu yasiyonisikiza. Hofu ni kwako, na baridi ya Nairobi, na zamu zako za hotelini. Unakula? Usinijibu kwamba unakula, niambie unakula nini.

Nakuandikia kwa herufi zetu za Kiarabu, za chuoni. Skuli sikuiona, lakini hizi nilizijua, na wewe nilikufundisha mwenyewe kuzisoma. Simu siitaki kwa maneno marefu. Kwenye simu wewe hunikatiza.

Mwanao Sundus amekubaliwa kwenye ule utafiti wa dawa za pumu. Kila mwezi twaenda zahanati, anabanwa pua, anatiwa mrija mdomoni, apulize pumzi yote mpaka iishe, na mashine ipime mapafu yana nguvu gani. Mwuguzi wao Kemunto, mwanamke wa Kisii mwenye sauti ya mwadhini, humsimamia: "Puliza, puliza, bado, bado!" Kisha hupewa dawa ya kuvuta. Watoto wengine wana dawa mpya, wengine ya zamani, na hakuna ajuaye nani ana ipi. Nikamwuliza Daktari Kiprotich, "Hata wewe hujui?" Akasema hata yeye, imepangwa hivyo wasije wakajidanganya. Nikamwambia madaktari wasiojua nimewaona wengi, yeye ndiye wa kwanza kukiri. Alicheka mpaka akavua miwani.

Nampeleka kama mtoto wa watu. Kaoga, kasukwa, nguo yake nimeifukiza udi, na yeye mwenyewe kasimama juu ya chetezo cha makaa mpaka harufu imwingie nyweleni. Hatuendi mbele ya watu kama tuliotoka kuvua kaa.

Nachoka, mwanangu, lakini ni uchovu wa kazi.

Bibi yako,
Umulkheir


Nairobi
6 Agosti 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Wa alaikum salaam. Nakula ugali na sukuma, na mayai yakibaki jikoni kazini. Magoti yapake mafuta ya nazi.

Kemunto amenipigia simu. Pumzi ya Sundus imeshuka mara mbili mfululizo. Anasema ikizidi kushuka watamtoa kwenye utafiti na kumpeleka hospitali kubwa Mombasa. Bibi, nilimleta kwako kwa sababu Nairobi ilikuwa inamuua. Kama Lamu nayo inamshinda, ni afadhali awe na mimi. Sijaamua, lakini nalifikiria hilo kila siku nikiwa naosha masufuria ya watu. Usikasirike.

Mjukuu wako,
Huwaida


Mkomani
23 Septemba 2024

Huwaida,

Salaam nyingi, na natumai mwili una nguvu. Nilikasirika. Sasa nimemaliza, nisikilize.

Nyumbani Sundus hana neno. Kemunto alitupa kimrija kidogo cha kupuliza kila asubuhi, na mshale wake hufika panapotakiwa. Yuwapanda ngazi mpaka darini akiimba. Siku ya zahanati tu ndipo kifua humpiga filimbi. Nikasema yuwaogopa. Nikasema mashine yao mbovu. Kemunto akanambia, "Bibi, mashine tunaikagua kila asubuhi kabla hamjafika." Nikamwambia basi aikague akiwa amekunywa chai.

Mwezi huu wakatuita ghafla. Daktari alikuwa na safari, mlete mtoto sasa hivi. Sundus alikuwa uani akicheza. Nikamvuta hivyo hivyo, gauni la jana, miguu imejaa vumbi. Ndia nzima mpaka zahanati natazama chini kwa aibu. Akapuliza. Daktari akamwambia arudie, akarudia. Akasema, "Bibi, dawa imeanza kufanya kazi." Akasema akiendelea hivi watamweka kwenye dawa hiyo hiyo mwaka mwingine mzima.

Nilifurahi. Hata wewe nilitaka kukupigia simu, na simu siipendi.

Ikaja Maulidi. Nikamfukiza tutoke. Hakufika mlangoni, Huwaida. Alikaa kwenye kizingiti akivuta pumzi kama mtu avutaye kamba ya kisima. Nikampa dawa yake, akatulia. Mimi sikutulia.

Moshi mimi naujua. Nikiwasha kuni humtoa nje, na mvuta sigara hapiti mlangoni pangu. Lakini udi sikupata kuuhesabu na moshi. Udi ni harufu. Udi ni heshima ya mtu anapotoka. Kumbe kila walipompima nilikuwa nimeshamfunga kifua asubuhi yake, kwa mkono huu. Na siku ile alipopuliza vizuri, si dawa iliyoanza kazi. Kilichokosekana ni chetezo.

Nataka kwenda kumwambia daktari. Nimekwambia wewe kwanza kwa sababu ni mwanao.

Bibi yako,
Umulkheir


Nairobi
2 Oktoba 2024

Bibi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimejifungia chooni kazini.

Usimwambie mtu. Kitoe hicho chetezo nyumbani, yaishe. Daktari ameridhika, mwache aridhike. Ukisema watamtoa, akose dawa, akose Kemunto, akose kuangaliwa kila mwezi. Mimi sina pa kumpatia mambo hayo. Nakuomba, Bibi, sijawahi kukuomba kitu kwa namna hii.

Na unisamehe kwa hili. Sijui kama naweza kumwacha kwako tena.

Huwaida


Mkomani
16 Oktoba 2024

Mjukuu wangu Huwaida,

Salaam. Sundus mzima, amekula samaki wawili.

Nimesema.

Nilikwenda nikiwa nimeazimia kukusikiliza wewe. Wallahi. Tukakaa foleni, pembeni yangu mama mmoja wa Kililana, mtoto kambeba mgongoni na mtoto mwenyewe mkubwa, miguu inamfika magotini. Akaniuliza, "Bi, wako amepona kwa dawa hii?" Alivyonitazama nikaona kila nitakalosema atalibeba hivyo hivyo mpaka kwao. Na daktari naye ataliandika, na watoto wa watu watapewa dawa kwa kuwa ya Sundus ilifanya kazi. Nikamwambia, "Ngoja, nitakujibu nikitoka."

Nikawaambia wote wawili, daktari na Kemunto. Daktari akaweka kalamu chini. Kemunto akasema, "Na mimi kila mwezi nilikuwa namsifu mtoto kwa kunukia."

Wakubwa wa utafiti wamejibu jana. Hesabu za Sundus hazifai, ametolewa. Atatumia dawa ya kawaida, hapa hapa zahanati, na Kemunto amesema utafiti au si utafiti, mtoto huyu atamwona. Chetezo kimetoka nyumbani.

Ulisema hujui kama utamwacha. Ningekuwa wewe nisingejua pia. Ukija kumchukua sitashika mlango. Ila njoo hasira zikishapoa, ngazi za nyumba hii hazimfai mtu mwenye hasira.

Bibi yako,
Umulkheir


Nairobi
11 Desemba 2024

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. U hali gani? Najua nimekaa kimya tangu nilipokuja kumchukua Sundus. Nilishuka zile ngazi sikukuaga vizuri. Wewe ulisema "Fii amanillah," mimi nikajifanya nafunga begi.

Mvua huku haijakatika. Ukuta wa chumba chetu umeota ukungu, na jirani ninayemwachia Sundus nikienda zamu anapika kwa makaa, mlango umefungwa kwa baridi. Siwezi kumwambia aache kupika. Wiki iliyopita nilirudi nikamkuta mtoto amekaa kitandani, mabega juu, hawezi kumaliza neno. Nilimbeba mpaka hospitali. Sasa amepata nafuu, tumerudi nyumbani.

Daktari wa pale aliniuliza, "Mara ya mwisho alipumua vizuri ilikuwa lini?" Nikamjibu, "Mwezi wa kumi, kwa bibi yangu." Akaandika. Mimi nikabaki nimesimama pale na jibu langu.

Sijui nifanye nini. Nimechoka, Bibi.

Mjukuu wako,
Huwaida


Mkomani
17 Desemba 2024

Huwaida mwanangu,

Salaam zako nimezipokea, na Sundus mbusu kwenye paji la uso kabla hujaendelea kusoma.

Mlete.

Chumba cha juu nimekipaka chokaa, madirisha yako wazi. Majirani nimewapitia mlango kwa mlango: mwenye harusi aniambie mapema, nimtoe mtoto nimpeleke Shela mpaka wamalize kufukiza. Wananicheka. Mmoja kanambia uzeeni nimegeuka Mzungu. Nimemwambia Wazungu hawana miguu mizuri kama yangu.

Lakini usimlete ukarudi. Hilo ndilo lililonikalisha chini kuandika. Mimi nikifika sokoni napumzika mara mbili, na mtoto wa kukimbizwa zahanati yuwataka mtu mwenye mbio. Hoteli na huku ziko, na masufuria ya kuosha hayajapata kuisha duniani. Utanikasirikia ukiwa hapa hapa, mbele yangu, tukigombana kama watu.

Barua hii usiijibu. Muda wa kuandika ufungie mizigo. Gari litawashusha Mokowe, mtavuka kwa boti, na mimi kila asubuhi niko gatini. Nimeshapata wa kunibebea kiti.

Bibi yenu,
Umulkheir