Wimbo wa Kikorea Usiojua Maana Yake

Mjukuu wangu Zainabu,

Hapa Palma hatujambo, na mama yako ameshavuna mpunga. Umeniuliza kama ni vibaya kuimba nyimbo za Kikorea usizozielewa, maana mjomba wako anakucheka.

Nilipokuwa msichana, mama alifiwa na dada yake, akawa hasemi na mtu. Siku moja nikamwimbia wimbo wa Kihindi niliousikia redioni.

"Unasema nini, mwanangu?" akaniuliza.

"Sijui, mama. Naupenda tu."

Akacheka! "Basi rudia," akasema. Tukauimba pamoja, tukikosea maneno yote.

Nawashukuru waimbaji wa wimbo ule mpaka leo. Nawe jana uliponitumia sauti yako ukiimba huko Maputo, nilimshukuru Mungu kwamba una furaha.

Ni mimi, bibi yako Mwanaisha.