Yule Mtu Wako wa Nyumbani

Shangazi yangu,

Hili sijamwambia mtu, hata Mama: Baba anakunywa. Nilijua siku nilipompokea koti mlangoni, harufu ikanipanda puani, nikalitundika. Wewe dada yake nadhani ulijua zamani, ukamsitiri.

Sasa lipo jipya. Tangu tukuzike, Baba amepatikana na kisukari. Vidonge kapewa ndani ya bahasha. Aliyempa hakuuliza anakula nini wala anakunywa nini. Karatasi ya dawa ni ya Kiingereza, nikaisoma mimi, kama ulivyokuwa ukinisomesha wakati wa likizo katika duka lako la dawa, Ngamiani. Inasema kileo kinaweza kuishusha sukari mpaka mtu akazimia. Maneno machache, makavu. Wewe ungeyatia ladha.

Nilikuwa nakaa nyuma ya kaunta, naona haya hata kumsalimia mteja, nakutazama tu. Hukumuuliza mtu, "Unakunywa?" Katika mji huu nani angekubali, na walio nyuma yake wametega masikio? Ulimwambia kila mmoja maneno yale yale, mama wa buibui na mwalimu wa madrasa: "Dawa hii na pombe haviketi nyumba moja. Kama kwenu yupo wa hivyo, mfikishie."

Unamkumbuka yule mzee wa Kigombe? "Bi Dawa, mimi na tembo la mnazi wapi na wapi?" Ukamjibu, "Kwani nimekusingizia, mjomba? Nimekutuma tu." Watu wakacheka, naye akacheka. Duka lilipopungua watu akarudi, kofia mkononi: "Yule mtu wangu wa nyumbani anauliza, hata kikombe kimoja?"

Hukutabasamu. Ulimweleza huyo mtu wake taratibu, mpaka dalili: jasho, mikono kutetemeka, kuyumba. Ukasema watu wakimwona watadhani kalewa, watamwacha alale, kumbe anataka maji ya sukari upesi, angali anaweza kumeza.

Shuleni tunafundishwa majibu, Shangazi. Wewe ulijua kuuliza bila kuuliza. Ufundi ule sijauona kwa mwingine.

Juzi nikajaribu. Tumekaa mkekani tunakula, nikasema nawaambia wote: dawa za sukari na pombe haviketi nyumba moja. Sauti ikanitoroka katikati. Mama akasema, "Mbona wameza maneno pamoja na wali?" Mdogo wangu akaapa yeye hunywa ukwaju tu. Baba hakucheka. Alimega samaki, akaniwekea mimi kipande cha tumboni, kile anachokipenda yeye. Jana alirudi mapema, ila koti sikuthubutu kulisogelea.

Na nataka kusomea ufamasia. Hilo nalo sijamwambia mtu.

Nasikia kandambili ukumbini. Ni mwendo wa Baba, na kikohozi chake. Tangu nianze kuandika, nikisikia mtu naisukuma karatasi hii chini ya kitabu cha Bayolojia. Sasa naiacha hapa juu ya meza. Asome mwenyewe, peke yake. Stara yake haijatoka chumba hiki.

Pumzika, Shangazi. Mola akukunjulie kaburi lako, likupe nafasi kama ulivyowapa watu. Baba akiniuliza kwa niaba ya mtu wake wa nyumbani, nitamjibu yote, mpaka maji ya sukari. Na sitatabasamu.